Na kwao, wamepona? Mambo tuliyojifunza tukiwa wanafunzi Oslo

Mazungumzo na familia zilizohamishwa na viongozi wao, Bunia

 

Wiki mbili zilizopita tulipita hapa kwa kazi ya kuandika majina ya watoto wa shule. Vijana watatu walitufuata hadi kwenye pikipiki wakatuuliza: "Ninyi mlisoma Ulaya. Mlifika namna gani? Na maisha ya huko yakoje?" Siku hiyohiyo mama mmoja alituambia kwamba amemtoa mtoto wake shuleni, kwa sababu amekalishwa benchi moja na mtoto wa "wale". Tulirudi nyumbani na maneno hayo mawili, na tukaona kwamba jibu lake ni moja. Ndiyo sababu tuliomba kamati itupatie saa hii.

Tutasema "sisi", kwa maana tulikuwa wawili. Tuliondoka mwezi wa nane 2017, tukarudi katikati ya 2019. Wote wawili tumezaliwa Djugu, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Makabila hatutayataja. Mnayajua, na wengi wenu mnajua sisi tunaosimama mbele yenu ni mtoto wa nani. Mwenzetu anafundisha Kisangani. Tulimpigia simu, akakubali habari hii isemwe kwa niaba ya wawili. Aliomba jambo moja tu: tusiseme lipi lilimpata nani. Tutafanya hivyo, na mwisho mtaona kwa nini.

Kufika

Oslo ni mji mkuu wa Norwe, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Mtu wa Ituri amezoea jua lichomoze saa kumi na mbili na lizame saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kule siyo hivyo. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka baada ya saa tatu asubuhi, na saa tisa na robo mchana limekwisha kuzama. Unakwenda darasani gizani, unatoka gizani. Kisha mwezi wa sita mambo yanageuka: saa nne usiku bado kuna mwanga, na unaweza kusoma kitabu nje bila taa. Tulipofika tulicheka. Mwezi wa kumi na mbili hatukucheka tena. Giza lile linaingia ndani ya mtu. Mwanafunzi anayekaa peke yake chumbani anaanza kuugua moyo, na wengi waliotutangulia walituonya juu ya jambo hilo.

Tulipewa vyumba Kringsjå, mtaa wa wanafunzi upande wa kaskazini wa mji, karibu na msitu na ziwa la Sognsvann. Kutoka pale hadi chuo kikuu, mahali panapoitwa Blindern, ni dakika chache kwa treni ya mji. Kila mmoja alikuwa na chumba chake kidogo: kitanda, meza, dirisha. Lakini jiko lilikuwa moja kwa watu saba. Kila mtu alikuwa na sehemu yake katika frigo na kabati lake la sufuria. Ofisi ya nyumba haikujua Djugu ni nini. Ilituweka sisi wawili katika korido moja, milango ikitazamana.

Mwanzoni tulifurahi. Ugenini, mtu anayesema Kiswahili chako ni ndugu. Jumamosi tulishuka pamoja hadi mtaa wa Grønland, kwenye maduka ya wageni, kutafuta unga wa muhogo, ndizi na samaki wakavu. Chakula ni ghali sana Norwe. Mchana Wanorwe wengi wanakula mkate waliouleta nyumbani umefungwa kwa karatasi, hata wakubwa wa ofisi, na sisi tukajifunza kufanya vivyo hivyo.

Fedha ya bursi haikutosha. Sheria ilimruhusu mwanafunzi kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki. Mmoja wetu alifagia maofisi kabla ya alfajiri, mwingine aligawa magazeti katika theluji. Tuliokota pia chupa tupu: ukiirudisha kwenye mashine ya duka, unalipwa krone moja au mbili na nusu, na mwezi wa tisa 2018 zikapandishwa kuwa mbili na tatu. Vijana, tunawaambia haya msidhani kwamba huko fedha inaanguka pamoja na theluji.

Masomo

Chuo Kikuu cha Oslo kilianzishwa mwaka 1811. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba profesa anaitwa kwa jina lake tu, kama mnavyoitana vijana. Jambo la pili ni mtihani. Huandiki jina lako, unaandika namba. Anayesahihisha hajui wewe ni nani, wala umetoka wapi. Ukipata pointi mbaya, una haki ya kuomba uelezwe kwa nini. Ukiona umeonewa, una wiki tatu za kulalamika, na kazi yako inasomwa upya na watu wengine.

Ninyi mnajua namna watu wetu wanavyosema mtoto anapofaulu: "Ni kabila lake," au "Ni bahasha." Sisi pia tulikua tukisikia hivyo. Kwa hiyo tulipoona kazi yetu inasomwa bila jina, tulijisikia kama watu waliotuliwa mzigo.

Tulisoma mambo ya migogoro na amani. Tulisoma sana juu ya Kolombia, ambako serikali na waasi wa FARC walitia sahihi mapatano mwaka 2016, na Norwe ilikuwa mojawapo ya nchi zilizosimamia mazungumzo yale. Tuliandika kurasa nyingi kuhusu namna adui wawili wanavyoweza kukaa meza moja. Walimu walitusifu.

Lakini jikoni hakuna namba. Jikoni kila mtu ana jina na kwao.

Jiko

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili 2017, vijiji vya Djugu vilianza kuungua tena. Hatuna haja ya kuwasimulia ninyi. Ninyi ndio mlikimbia, wengine hadi hapa Bunia, wengine wakavuka Ziwa Albert kwenda Uganda. Sisi tulikuwa mbali, katika giza lile, na habari zilitufikia kwa simu. Na simu haileti habari peke yake. Inaleta picha za maiti, inaleta sauti za watu wenye hasira, inaleta uongo pamoja na ukweli. Kila mmoja alipokea picha za upande wake tu.

Mmoja wetu alipoteza mjomba. Mwingine nyumba ya baba yake iliungua pamoja na ghala, na wadogo zake wawili hawakujulikana walipo kwa wiki tatu.

Hatukupigana. Tuliacha tu kusalimiana. Mmoja aliposikia mwenzake yupo jikoni, alingoja chumbani hadi atoke. Mmoja alihamisha sufuria zake akaziweka chini ya kitanda. Tuwaambie ukweli: mmoja wetu alifikiri kwamba chakula chake kinaweza kutiwa kitu. Watu wawili wa chuo kikuu, mchana tunazungumza juu ya mapatano ya Kolombia, usiku tunaficha sufuria. Wenzetu wa korido, Mnorwe, Mjerumani, Mnepali na wengine, waliona kuna matata lakini hawakujua ni nini. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miezi miwili.

Simu

Wanorwe wana desturi inayoitwa dugnad. Watu wa jengo moja au shule moja wanakutana siku moja, kila mtu na kazi yake ya mikono, bila malipo: kufagia, kupaka rangi, kukusanya majani. Ninyi mtasema mara moja: hiyo ni salongo. Ndiyo, ni salongo, ila kule hakuna askari wa kukulazimisha. Anayekukumbusha ni jirani.

Mwezi wa tatu 2018 korido yetu ilipanga siku ya kusafisha jiko. Mnorwe aliandika karatasi, akaibandika kwenye frigo, watu wawiliwawili. Sisi wawili alituandikia tanuru, yaani kutoa mafuta yaliyoshikamana ndani ya jiko la umeme. Hakufanya kwa makusudi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hapana mbele ya wageni, basi tukapiga magoti, kila mmoja na kitambaa chake, kimya.

Simu ya mmoja wetu ikalia. Alikuwa mama yake. Mikono ilikuwa imejaa sabuni, kwa hiyo aliibonyeza kwa kiwiko, na sauti ikatoka kwa nguvu, jiko zima likasikia. Mama huyo alikuwa amekimbia. Hatutasema alikimbilia wapi. Alisalimia, akasema wamepata bashi ya kujifunika, mvua inapita chini. Kisha akauliza:

"Uko na nani hapo?"

"Niko na mwenzangu wa masomo, mama. Wa Djugu pia."

"Mtoto wa nani?"

Kijana akataja jina la baba wa mwenzake. Ni jina ambalo ukilisikia tu unajua ni la upande gani. Mama akanyamaza. Tulifikiri mtandao umekatika. Kisha akasema:

"Na kwao, wamepona?"

Ndugu zetu, ni maneno matatu tu. Mama yule alikuwa amelala nje siku nyingi kwa sababu ya watu wa upande ule. Alikuwa na haki ya kutukana. Yeye aliuliza kama wamepona. Na sisi, tuliotazamana mlango kwa mlango zaidi ya miezi miwili, hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenzake swali hilo.

Mwenzake alijibu yeye mwenyewe, akiinamia simu: "Hapana, mama. Hawakupona wote." Na mama akalia, na sisi tukalia. Maji ya sabuni yakapoa. Tulikaa chini sakafuni hadi jioni, kila mmoja akataja majina ya watu wake, mmoja baada ya mwingine, na mwingine akasikiliza bila kujibu.

Tusiwadanganye. Siku ile hatukukubaliana ni nani alianza. Hata leo hatujakubaliana. Lakini tuliweka masharti matatu. La kwanza, kila habari mbaya ikifika, kabla ya neno lolote, ulize kwanza: kwenu wamepona? La pili, asiwepo wa kusambaza picha ya vita kabla ya kumwonyesha mwenzake na kuuliza kama anaijua. Mara mbili tuligundua kwamba picha moja ilitumwa pande zote mbili, na kila upande uliambiwa kwamba maiti ni wake. La tatu, Jumamosi sufuria ni moja.

Bibi wa Finnmark

Katika maktaba ya mji kulikuwa na meza ambapo wazee walikuja kuzungumza na wageni ili wageni wajifunze lugha. Pale tulimkuta bibi mmoja wa Finnmark, jimbo la kaskazini kabisa. Tulimwambia tunatoka mahali ambapo nyumba zimechomwa. Akasema: "Yetu pia ilichomwa. Nilikuwa na miaka saba."

Hatukuwa tunajua. Mwaka 1944, jeshi la Wajerumani likirudi nyuma, liliteketeza karibu Finnmark yote na kaskazini ya Troms. Watu karibu 50,000 walihamishwa kwa nguvu, majira ya baridi yakianza. Wengine walijificha mapangoni na katika vibanda vya udongo. Mama wa bibi huyo alizika cherehani yake ardhini kabla ya kuondoka. Vita ilipokwisha walirudi, hakukuwa na ukuta hata mmoja uliosimama, wakachimba wakaikuta cherehani. Mama alishona nguo za majirani wote ndani ya kibanda.

Tunawaambia habari hii kwa sababu wengi wanafikiri kwamba kuna mataifa yaliyoumbwa kwa amani na mengine yaliyoumbwa kwa vita. Siyo kweli. Nchi ile tajiri na tulivu ilikuwa na familia zilizohamishwa, kama ninyi, na wazee walioona bado walikuwa hai tukawashika mkono.

Mienge

Mwaka wa pili, daktari wetu Denis Mukwege wa Bukavu alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Tuzo hiyo hutolewa Oslo, katika jumba la mji, kila tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili. Jioni ya siku hiyo mwaka 2018 watu walitembea na mienge hadi Grand Hotel, ambapo waliopewa tuzo husimama barazani juu na kusalimia. Wakongo walikuwa wengi, wakiimba. Sisi wawili tulitembea bega kwa bega, mwenge mmoja, kwa sababu hatukutaka kununua miwili.

Mtu alitupiga picha, ikafika hadi hapa Bunia. Wengine walifurahi. Wengine walituita wasaliti. Baba wa mmoja wetu hakusema naye kwa miezi minne. Kwa hiyo msifikiri kwamba njia hii haina gharama. Tumeilipa, na siku nyingine bado tunailipa.

Kwa vijana

Mmeuliza mtafika namna gani. Tunawajibu wazi. Wakati wetu vyuo vya serikali Norwe havikudai karo, hata kwa mgeni. Kuanzia mwaka 2023 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa karo, na tena ni lazima kuonyesha kwamba una fedha ya kuishi. Kwa hiyo bila bursi njia ni ngumu. Ukiomba, omba wewe mwenyewe moja kwa moja kwa chuo, na usome kwanza masharti yake. Mtu akikuambia umpe dola mia tano ili akupeleke, huyo anakula fedha yako. Wazazi, msiuze shamba kwa ajili ya maneno ya mtu wa namna hiyo.

Na jueni kwamba Bunia, Kisangani na Butembo kuna vyuo, na kuna kazi nyingi ya kufanya hapa. Tulichopata Oslo hakikuwa ndani ya vitabu tu. Kikubwa tulikipata jikoni, na majiko yapo hata hapa.

Kwa wazazi na viongozi

Sasa tunarudi kwa yule mama na benchi ya shule. Mama, hatukulaumu. Tuliohifadhi sufuria chini ya kitanda hatuwezi kumlaumu mtu. Lakini fikiri hivi: sote tunatamani mtoto wetu asome hadi mbali. Siku atakapofika mbali, atawekwa korido moja na watu wasiojulikana, na pengine mlango wa mbele yake utakuwa wa mtoto wa "wale". Umemkataza leo kukaa naye benchi moja. Huko atakaa naye namna gani? Huwezi kumpeleka mtoto akakae na dunia nzima kama hajajifunza kukaa na jirani.

Tunawaomba mambo matatu, na tumekwisha kuyasema kwa kamati.

Kwanza, watoto waliotolewa shuleni warudi Jumatatu. Sisi wenyewe tutakuwa pale asubuhi pamoja na mwalimu, na mzazi mwenye hofu aje akae nyuma ya darasa aone.

Pili, bomba la maji linatumiwa na site mbili, na kila wiki kuna ugomvi pale. Tufanye salongo Jumamosi, watu wawiliwawili, mmoja wa site hii, mmoja wa site ile, tusafishe mfereji. Hatusemi mpendane siku hiyo. Tunasema mshike jembe moja. Mengine yatakuja kwa wakati wake.

Tatu, kwenu ninyi wachefu na wazee. Kila baraza yetu inaanza na swali "Nani alianza?" Ni swali la haki, na siku yake ipo; mahakama ipo kwa ajili hiyo, na hatutaki mtu yeyote afiche makosa. Lakini likiwa la kwanza, watu wanafunga milango. Tunaomba baraza ya wiki ijayo ianze na swali la yule mama.

Sasa mnaelewa kwa nini mwenzetu alikataa tuseme mama alikuwa wa nani. Tungesema, nusu yenu mngejivuna, na nusu mngesema ni uongo. Basi acheni awe mama wa yeyote kati yenu. Tunaamini yupo hapa, ameketi mbele yetu, zaidi ya mmoja.

Kesho mkimkuta mtu wa site ya pili kwenye bomba, na hamjui mseme nini, semeni hilo tu: na kwenu, wamepona? Kisha mngoje jibu.